Bwate otomatiki ikifa: jinsi ya kununua ya okazio bila kuiua na hiyo

Karibu kila wiki, hapa garajini kwetu Ibanda, mjini Bukavu, gari linafika likivutwa kwa kamba na mwenyewe anashuka akiuliza: "Fundi, bwate imekufa. Nitapata wapi ingine?" Swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni: imeuawa na nini? Nimefunga bwate za okazio zilizotembea miaka mingi. Nimeona pia nyingine zikirudi chini ya jeki kabla ya mwezi kuisha, na mara nyingi muuzaji hakuwa na kosa lolote. Ziliwekwa ndani ya gari lenye ugonjwa uleule ulioiua ya kwanza.

Haya nimeyaandikia mwenye gari, hata kama hajawahi kushika spana. Bwate ninayosema ni giaboksi otomatiki, na ya okazio ni ile iliyokwisha kutumika. Ukishasoma, utaweza kusimama mbele ya muuzaji na mbele ya fundi wako ukijua cha kuuliza na cha kutazama.

Inadumu muda gani?

Bwate otomatiki ya kawaida, yenye konveta (lile duara lenye oili linalopeleka nguvu ya injini kwenye bwate) na gia zake 4, 5 au 6, ikibadilishiwa oili kwa wakati hufika kilomita 200,000 hadi 300,000, na nyingine huzipita. Zile za mkanda, yaani CVT, ambazo siku hizi zimejaa kwenye magari madogo kutoka Japani, kwa kawaida huchoka mapema zaidi, na oili isiyo yake huziharibu upesi sana.

Lakini kilomita za Bukavu ni nzito. Mji wetu umejengwa juu ya vilima. Gari linapanda Kadutu likiwa limejaa watu, linasimama katikati ya mteremko nyuma ya lori, na dereva analishikilia hapo kwa mguu wa mafuta badala ya breki. Muda wote huo konveta inakoroga oili bila gari kusogea, na oili inachemka. Kwa kadirio la mafundi wengi, kila joto linapozidi kiasi chake kwa nyuzi 10 hivi, maisha ya oili hupungua karibu nusu. Kwa hiyo usihesabu kilomita peke yake. Na namba unayoiona kwenye dashibodi ya gari la okazio inaweza kuwa imerudishwa nyuma. Kama karatasi za gari zipo, tafuta cheti cha kusafirisha kutoka Japani, maana humo huandikwa kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwanza, picha ya kibati cha gari, ile sahani ndogo ya chuma yenye maandishi, iliyo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Pili, fundi mwenye skana ya kusoma kompyuta ya gari. Tatu, taulo jeupe la karatasi, tochi, sumaku ndogo na rangi ya kucha ya kuweka alama yako. Nne, pesa ya oili sahihi, filta, sili na gasketi, uiweke kando na pesa ya bwate. Watu wengi wanamaliza dola zote kwa muuzaji, halafu wanaomba fundi amwage ndani oili yoyote iliyopo. Tafadhali usifanye hivyo. Kama pesa haitoshi vyote, subiri.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kweli imekufa.

Gari likiwa limepata moto kiasi cha kawaida, liegeshe mahali tambarare, injini ikiunguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia polepole katika nafasi zote, rudi P, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Hiyo ndiyo njia ya Toyota zenye kijiti. Kwa Honda unazima injini kwanza, kisha unapima mara moja. Futa oili kwenye taulo jeupe. Nyekundu iliyo safi ni nzuri. Ya kahawia imechoka. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua maana yake klachi za ndani zimeungua. Ikiwa oili ni pungufu, tafuta inavuja wapi, ongeza ya aina yake na ujaribu gari kabla ya kutoa hukumu.

Kisha soma kompyuta. Kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta inazitoa, zinazoanza na P07 zinahusu bwate. Solenoidi (vali ndogo ya umeme ndani ya bwate) moja iliyokufa au waya uliokatwa unaweza kulifanya gari lishikilie gia moja tu, lisipande kabisa, na mtu akaambiwa bwate yote imekwisha. Angalia pia kardani, ile fimbo inayopeleka nguvu kutoka bwate hadi gurudumu: ikichomoka au ikikatika, injini inalia, gari halitembei, na bwate ni nzima kabisa. Mama mmoja muuza vitenge alikuja kwangu akiwa ameshatafutiwa bwate huko Goma, ipandishwe kwenye boti. Gari lake lilikuwa na mguu wa injini, yaani kile kinachoishikilia injini kwenye gari, uliokatika, ndiyo maana lilipiga teke kila lilipobadili gia. Tulibadilisha ule mguu tu, na pesa ya bwate akabaki nayo.

2. Tafuta kilichoiua.

Hapa usiharakishe hata siku moja. Wauaji ninaowakuta ni hawa.

Radiata. Kwenye magari mengi oili ya bwate inapozwa na kibomba kilichofichwa ndani ya radiata, upande wa maji. Sisi tunapenda kujaza radiata maji matupu ya bomba, au hata ya ziwa, badala ya maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Baada ya miaka kibomba kinaliwa, maji yanaingia kwenye oili. Utaijua oili hiyo: inakuwa kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi. Gundi inayoshikilia klachi haivumilii maji, inaachia, na bwate inaisha. Ukikuta maziwa hayo, radiata ile itoke pamoja na bwate. Kuiosha hakuzibi tundu. Huyu ndiye muuaji ninayemwogopa zaidi, kwa sababu haonekani kwa nje. Radiata inang'aa, haivuji hata tone, na bwate ya pili inakufa vilevile.

Oili isiyo yake. Toyota za zamani kidogo hutumia T-IV, za baadaye WS, na hizo mbili hazibadilishani. CVT za Nissan zina NS-2 au NS-3. Oili kuwa nyekundu hakusemi chochote kuhusu aina yake. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kijiti.

Kompyuta. RAV4 za miaka ya 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani zinajulikana kwa kompyuta ya injini iliyoharibika na kuipa bwate amri mbovu, gari likawa linapiga teke hadi bwate ikaharibika. Toyota yenyewe iliongeza muda wa dhamana ya kompyuta hiyo kule. RAV4 za kizazi hicho ni nyingi hapa kwetu. Kama yako inapiga teke na oili bado ni nyekundu safi, pima kompyuta na nyaya zake kabla ya kununua chuma.

Kuvutwa kwa kamba. Pampu ya bwate inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, vyuma vya ndani vinazunguka bila oili kuvifikia. Gari lililovutwa hivyo kutoka Kamanyola, likapandishwa mlima wa Ngomo hadi mjini, linaweza kufika na magonjwa mawili. Inua magurudumu yanayoendesha, au lipakie.

Dereva. Lisemwe kwa upendo, maana mara nyingi ni kijana tunayemwamini na gari. Kushuka Ngomo ukiwa N (gia huru) ili kuokoa mafuta, kutia R (ya kurudi nyuma) gari likiwa bado linakwenda mbele, kuegesha kwenye mteremko kwa P bila breki ya mkono: kila kimoja kinakula bwate. Namna sahihi ya kuegesha kilimani ni hii: kanyaga breki, tia N, vuta breki ya mkono, achia mguu polepole gari likae juu ya hiyo breki, ndipo utie P. Vinginevyo uzito wote unaning'inia kwenye kipande kimoja kidogo cha chuma ndani ya bwate.

3. Andika kodi (namba ya aina) ya bwate yako.

Kwenye kibati cha Toyota tafuta mstari wa TRANS/AXLE. Utaona kitu kama U341E. Nakili herufi na namba zote, usiache ya mwisho. U341E na U341F zinafanana jina, lakini F ni ya gari linalovuta magurudumu manne, na haziingiliani. Andika pia aina ya injini, mwaka na namba ya chasisi. Usiende kwa muuzaji na maneno "bwate ya Premio". Premio moja ilitoka na injini tofauti, na bwate tofauti.

4. Chagua unanunua wapi.

Una njia tatu. Maduka ya hapa mjini na Goma: bei iko juu, lakini unaweza kurudi na kugonga mlango. Masoko makubwa ya nje, kama Kisekka pale Kampala, Kirinyaga Road pale Nairobi, au Kariakoo jijini Dar es Salaam: kuna nyingi za kuchagua, ila dhamana inaishia mpakani, na mzigo ukishavuka Ruzizi hakuna atakayeurudisha. Ya tatu ni gari la aina yako lililopata ajali hapahapa. Mimi hii ya tatu naipenda kuliko zote, mradi gari liligongwa nyuma au ubavuni na injini bado inawaka, kwa sababu unaweza kuliwasha na kusikia bwate ikifanya kazi kabla haijafunguliwa.

Ukinunua dukani, uliza kama bwate imekuja na nusu-gari, yaani ile sehemu ya mbele iliyokatwa Japani ikiwa na injini na kila kitu. Bwate iliyobaki imeshikamana na injini yake haijapitia mikono mingi. Iliyolala peke yake sakafuni, bila konveta, mirija yake wazi, ina historia ambayo huwezi kuisoma.

5. Ikague kwa mikono yako.

Chomoa kijiti au fungua nati ya chini, pata matone ya oili kwenye taulo jeupe. Nusa. Ikiwa kavu kabisa na imeoshwa kwa petroli hadi ndani, jiulize kwa nini mtu ameiosha. Omba sampu ifunguliwe, lile bakuli la chini. Muuzaji akikataa, mwambie utalipa gasketi mpya. Ndani kuna sumaku. Matope laini ya kijivu juu ya sumaku ni ya kawaida, ni uzee. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, au chembe za rangi ya dhahabu, maana yake kuna kitu kinasagika. Iache hapo.

Kisha tazama masikio ya kufungia boliti kama yamepasuka, soketi za nyaya kama meno yote yapo, na konveta kama imekuja nayo. Mulika kwenye matundu ya kardani. Linganisha kodi iliyoandikwa kwenye bwate na ile uliyonakili.

6. Andikianeni.

Karatasi iwe na kodi ya bwate, tarehe, bei na siku za dhamana, mwezi mmoja ukiweza, zikihesabiwa kuanzia siku ya kufungwa. Paka alama yako ya rangi mahali pawili na upige picha, ili siku ya kurudisha pasiwe na ubishi kuhusu bwate gani. Dola zako zisiwe na mpasuko wala maandishi. Unajua zinavyokataliwa hapa.

7. Iandae ikiwa bado chini.

Badilisha filta, gasketi ya sampu, sili ya mbele na sili za kardani. Kazi hii ikifanywa chini ni ya saa chache; ikifanywa baadaye ni kushusha bwate upya. Osha mirija ya kupozea oili na upulize kwa kompresa mpaka itoke safi, maana takataka za bwate ya kwanza zimelala humo zikisubiri. Mimi hurudia mara tatu. Na ile radiata, kama uliona maziwa, usiwe na huruma nayo.

8. Simamia konveta ikikaa mahali pake.

Kama utahudhuria dakika tano tu za kazi nzima, ziwe hizi. Konveta inatakiwa kuingia ndani ya bwate kwa hatua. Unaisukuma huku ukiizungusha, inashuka kidogo, unaizungusha tena, inashuka tena, mpaka meno yote yashike na pampu. Fundi mwenye haraka anaiacha nusu, anaikutanisha bwate na injini, anaona pengo, anavuta kwa boliti. Pampu inavunjika hapohapo. Injini ikiwashwa, gari halisogei, na lawama inampata muuzaji.

Kipimo ni rahisi. Bwate ikikutana na injini lazima igusane nayo pande zote kwa nguvu ya mikono, na konveta bado izunguke huru, ikiwa na nafasi ndogo kati yake na sahani ya injini kabla boliti zake hazijafungwa. Kukiwa na pengo, rudisheni nyuma. Boliti hazikuwekwa pale kwa ajili ya kuvuta.

9. Jaza oili na upime.

Bwate tupu hunywa lita 6 hadi 8 kwa magari mengi madogo. Kitabu cha gari kina kiasi chake. Weka lita 4 kwanza, washa, pitisha gia zote ukishika breki, ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Zenye WS nyingi hazina kijiti: zina nati ya kumwagia oili iliyozidi, na kipimo chake kinategemea joto la oili linalosomwa na skana. Fundi asiye na skana hawezi kupima hizo kwa kukisia. Usijaze kupita kiasi. Oili iliyozidi inapigwa na gia, inatoa povu, na povu halishiki klachi.

10. Safari ya kwanza.

Usianze na kilima. Pita barabara ya Kavumu asubuhi, mguu mwepesi, ukiacha ipande gia zote na kushuka. Kama betri ilichomolewa wakati wa kazi, kompyuta ya magari mengi inaanza kujifunza upya, kwa hiyo mabadiliko ya gia yanaweza kuwa magumu kidogo mwanzoni. Magari mapya zaidi yanahitaji skana kufundishwa. Rudi, tazama chini kama kuna tone, pima oili tena. Baada ya kilomita 1,000 fungua nati, badilisha oili iliyo kwenye sampu. Kwa kawaida inatoka nusu tu ya oili yote, nyingine inabaki ndani ya konveta. Halafu, kwa vilima vyetu, kila kilomita 40,000.

Ikikusumbua baada ya kufungwa

Injini inalia, gari halisogei kabisa: pima oili, tazama kardani kama zimeingia hadi mwisho, tazama kebo ya mkono wa gia. Kama yote ni sawa, konveta na pampu zinashukiwa. Zima injini, usiendelee kujaribu.

Inakwenda mbele, hairudi nyuma: rekebisha kebo kwanza. Ikiendelea, ugonjwa uko ndani, na hapo karatasi ya dhamana inafanya kazi. Usikubali ifunguliwe na fundi kabla muuzaji hajaiona, kwa sababu bwate iliyofunguliwa hairudishwi.

Inapiga teke kwenye kila gia: hakikisha aina ya oili, kisha miguu ya injini, kisha kompyuta na nyaya.

Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inawaka na kuzima yenyewe: bwate inakuomba usome kodi. Mara nyingi ni soketi ambayo haikubana au sensa ya mwendo.

Injini inakubali kuwaka kwenye N, inakataa kwenye P: swichi iliyo kwenye mkono wa bwate haijakaa sawa. Ni marekebisho ya dakika chache.

Inateleza ikishapata moto tu, ikiwa baridi haina shida: rudi kwenye mirija ya kupozea, imeziba au imebanwa wakati wa kufunga. Kama inapita vizuri na oili inatosha, klachi zimechoka. Peleka gari kwa muuzaji likiwa bado moto, ili alione likiteleza mbele yake.

Oili ya bwate inatoka kati ya injini na bwate: mara nyingi ni sili ya mbele. Itashushwa tena, hakuna dawa ya kupaka nje. Kama ulinunua sili na haikuwekwa, ichukue mkononi, nenda nayo kwa fundi wako, na umwombe ashushe bwate kwa gharama yake.